Makisio ya malipo yameanza kukosea baada ya mfumo kubadilika? Anzia hapa

Mwongozo huu ni wa wale wanaokisia miamala: mchambuzi wa kitengo cha hazina cha benki, mtu wa mifumo anayepanga uwezo wa seva, au msimamizi wa floti kwenye kampuni ya pesa za simu. Makisio yalikuwa yanakwenda vizuri, mfumo wa malipo ukaboreshwa, na sasa kila mwisho wa mwezi kuna kikao cha kuelezana kwa nini hesabu zimepishana. Hapa Dar es Salaam nasikia swali lilelile kila ninapokutana na watu wa kazi hii: "Modeli imechoka, tuweke ipi?"

Usibadilishe modeli kwanza. Nchi inapojenga upya namna benki zake zinavyolipana, kinachobadilika mapema ni kile unachokihesabu. Fomula inaweza kuwa nzima kabisa huku ikikisia kitu ambacho hakipo tena pale kilipokuwa.

Kuna jambo moja la kuliweka sawa kabla hujashika dalili yoyote. Neno "mahitaji" linabeba vitu viwili ambavyo havitembei pamoja. Mtu wa seva anahitaji kujua idadi ya miamala katika dakika yenye msongamano mkubwa kuliko zote. Mtu wa hazina anahitaji kujua shilingi ngapi zitatoka kabla zile zinazoingia hazijafika. Idadi inaweza kuongezeka mara mbili na ukwasi unaohitajika, yaani pesa iliyo tayari kulipwa, usisogee, na kinyume chake kinawezekana pia. Kama ofisini kwenu namba moja inatumika kwa kazi zote mbili, tatizo lenu la kwanza ndilo hilo.

Dalili: njia ya zamani inakisiwa juu kuliko hali halisi, kila mwezi, upande uleule

Kosa la upande mmoja lina faida yake, kwa sababu lina chanzo kinachoshikika. Mara nyingi pesa haijapungua, imehama njia.

Historia yetu yenyewe inaonyesha hivyo. TISS, mfumo wa Benki Kuu wa benki kulipana papo hapo, ilipoanza mwaka 2004, malipo makubwa kati ya benki yalianza kuacha karatasi, na kikomo cha shilingi milioni 10 kwa hundi moja kikasukuma yaliyobaki. Mwaka 2015 ikaja TACH, picha ya hundi ikaanza kusafiri badala ya hundi yenyewe, na malipo ya makundi kama mishahara yakapata njia ya kielektroniki. Tangu 2021 TIPS imekuwa ikiunganisha benki na kampuni za simu ili malipo madogo yafike papo kwa papo. Kila hatua kuna mstari ulioshuka kwenye grafu ya mtu fulani bila mteja hata mmoja kupunguza matumizi yake.

Namna ya kupima: chukua kundi lilelile la wateja na ujumlishe njia zote walizotumia kulipa, mwezi kwa mwezi. Jumla ikibaki kwenye mwenendo wake wakati njia moja inashuka, umepata jibu. Kuanzia hapo kisia jumla kwanza, kisha kisia mgao wa kila njia. Kukisia kila njia peke yake halafu kujumlisha kunakuletea jumla ambayo hakuna mteja anayeifanya.

Mgao huo uupime kwa viwango vya kiasi, usiuchukue kwa jumla. Malipo ya shilingi 200,000 kwenda kwa muuzaji yanahama haraka. Shilingi milioni 300 za mzigo uliopo bandarini hazitakwenda kwenye njia ya papo kwa papo kwa sababu tu njia hiyo ipo. Kampuni nazo hazihami kidogo kidogo kama watu binafsi. Zinahama kwa ngazi, siku mhasibu anapobadilisha mpangilio wa mfumo wake wa hesabu, na mara nyingi ni mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Ukiwawekea mstari laini utakosea miezi kumi na moja, halafu ukosee zaidi wa kumi na mbili.

Dalili: njia mpya inapokea miamala mingi kuliko ile iliyopotea njia za zamani

Hapa jumla yenyewe imepanda, na viongozi watafurahi na kutaka upandishe makisio ya mapato. Subiri kidogo. Sehemu ya ongezeko hilo ni mahitaji yaliyokuwepo siku zote, ila yalikuwa yanapita kwa miguu.

Mfanyabiashara wa Kariakoo ana akaunti benki moja, anayemuuzia vitenge ana akaunti benki nyingine. Zamani alitoa noti dirishani, akazifunga kwenye mfuko mweusi, akakatiza mtaa, akapanga foleni ya pili na kuziweka kwenye akaunti ya mwenzake. Kwenye data zenu hayo ni matukio mawili yasiyo na uhusiano: kutoa kwenye benki moja, kuweka kwenye nyingine. Kwa maana halisi ni malipo moja kati ya benki ambayo hayakuwahi kuhesabiwa. Njia rahisi ikipatikana, yanatokea kwenye mfumo kama mapya.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye simu pia. M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008, lakini makubaliano ya kutumiana moja kwa moja kati ya mitandao yalianza mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kabla ya hapo watu walibeba laini mbili au tatu ili kukwepa usumbufu. Aliyekisia miamala ya kati ya mitandao kwa kuangalia iliyokuwepo wakati huo alikuwa anahesabu wachache waliokubali usumbufu.

Kuyaona mahitaji ya aina hii kabla hayajajitokeza si kazi rahisi, lakini inafanyika. Tafuta fedha taslimu zinazowekwa kwenye akaunti na mtu asiye mwenye akaunti. Tafuta kiasi kikubwa kisicho cha kawaida kinachotolewa saa za biashara na mteja ambaye kwa desturi hatoi. Ongea na wahudumu wa dirishani katika matawi ya Kariakoo na Mbagala: wanawajua kwa sura wale wanaokuja kuwekea watu wengine pesa. Uzoefu wao una thamani kuliko modeli yoyote iliyojengwa kwa data za njia ambayo haijafunguliwa.

Na mkondo huu una mwisho. Mfuko mweusi ukishaisha Kariakoo, ukuaji unarudi kwenye kasi ya biashara yenyewe. Makisio yanayobeba kasi ya miaka miwili ya mwanzo kwenda miaka mitano mbele yatanunua seva ambazo hazitapata kazi.

Dalili: mstari umeshuka ghafla na kukaa chini, kisha ukapanda kwa ngazi

Angalia gharama kwa mteja kabla ya kitu kingine chochote. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya kutuma na kutoa pesa za simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikashushwa tena, na Julai 2023 ile ya kutuma ikaondolewa. Watu waliitikia kila hatua: walirudi kwenye noti, wakapunguza kutuma mara kwa mara, kisha wakarejea.

Sasa mpe kompyuta data za miaka hiyo bila kuiambia lolote. Itaona Julai mbaya mwaka 2021, ione Septemba yenye nafuu, na itakuambia kwamba Julai ni msimu wa chini. Msimu haupo. Kulikuwa na sheria. Modeli ikishajifunza msimu wa uongo, itaurudia kila mwaka, na kila mwaka mtu atatafuta maelezo ya kwa nini Julai "imefanya vizuri".

Tiba ni kuingiza gharama yenyewe kama kigezo: mteja analipa jumla ya shilingi ngapi, ada ya kampuni pamoja na tozo, kwa kila kiwango cha kiasi, kila tarehe. Kazi hii inachosha, kwa sababu itabidi utafute majedwali ya ada ya zamani. Ifanye. Tozo ilipanda kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo mtu wa elfu kumi na mtu wa laki tano hawakuitikia sawa, na wastani wa wote wawili hauelezi yeyote kati yao.

Dalili: jumla ya mwezi ni sahihi, siku zenyewe siyo

Kalenda yako haijakamilika. Kalenda ya malipo ya Tanzania ina tarehe zake. Kodi ya mishahara hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kuisha. Ritani ya VAT ni tarehe 20. Kampuni zinazofunga hesabu Desemba zina awamu za kodi ya mapato mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Juni 30 mwaka wa fedha wa serikali unafungwa na malipo yanamiminika siku za mwisho. Mishahara ya watumishi wa umma inatoka wiki ya mwisho ya mwezi. Ada za shule zinaamsha Januari na Julai. Minada ya korosho ya Mtwara na Lindi inapeleka pesa kusini kuanzia Oktoba, na sehemu yake inarudi Dar es Salaam kununua bidhaa.

Ramadhani ndiyo inayoangusha modeli nyingi, kwa kuwa inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 Idi iliangukia Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi, ikagongana na kufunga robo mwaka na awamu ya kwanza ya kodi. Modeli inayolinganisha Aprili na Aprili haiwezi kuliona hilo. Weka siku zilizobaki kabla ya Idi kama kigezo chake, na kwa kuwa mwezi unaweza kuandama au usiandame, andaa makisio mawili kwa siku zile mbili.

Dalili: jioni hesabu inakubali, lakini saa sita mchana malipo yako kwenye foleni

Hii naitilia mkazo kuliko zote. Nyuma ya malipo yaliyokaa foleni kuna mzigo usioruhusiwa kutoka bandarini, au mishahara ya kiwanda kizima.

Chanzo ni tofauti kati ya kuchuana madeni (kukatana na kulipa tofauti tu) na kulipa moja moja. Tuseme kuna benki tatu. A inatakiwa kuilipa B shilingi bilioni 10. B inatakiwa kuilipa C bilioni 9. C inatakiwa kuilipa A bilioni 8. Zikichuana mwisho wa siku, A inatoa bilioni 2 tu, B na C zinapokea bilioni moja kila moja, na madeni ya bilioni 27 yamekwisha.

Kwenye TISS kila malipo yanakamilika peke yake, papo hapo, na hayarudi nyuma. A ikiwa na bilioni 10 asubuhi na ikalipa mapema, B inazipata na kuilipa C, C inailipa A, na bilioni 10 zimetosha kwa wote. Lakini kila benki ikitaka kulipa bila kutegemea pesa ya mwenzake, zinahitajika bilioni 27 kwenye akaunti. Na zote zikiamua kusubiri zilipwe kwanza, hakuna kitakachotembea. Malipo ni yaleyale. Mahitaji ya ukwasi yametoka bilioni 2 hadi 27 kutegemea nani amelipa saa ngapi.

Kwa hiyo modeli inayokisia thamani ya malipo kwa siku haiwezi kukupa ukwasi unaohitajika, hata ikiwa sahihi kwa shilingi. Fanya hivi: gawa siku kwa nusu saa, jumlisha kilichotoka toa kilichoingia tangu asubuhi, na uandike shimo la ndani kabisa la kila siku. Hilo shimo ndilo la kukisia. Pembeni yake andika saa ambayo nusu ya malipo yako ya siku ilikuwa imeshatoka, na saa ambayo nusu ya mapokezi ilikuwa imeshaingia. Saa hizo mbili zikianza kuachana, foleni inakuja hata kama thamani haijabadilika. Inatosha benki moja kubwa ichelewe kutoa malipo yake ili wengine wote wajifunze kuchelewa.

Ongeza mkono wa serikali. Kodi ikilipwa, pesa inatoka benki za biashara na kuingia akaunti ya serikali Benki Kuu, na tangu 2017 makusanyo mengi yanapita kwenye GePG, mfumo mmoja wa kupokea malipo ya serikali, kwa hiyo yanaondoka kwa pamoja. Mishahara ikitoka, pesa inarudi. Mtu wa hazina anayekisia wateja wake vizuri lakini hana mstari wa kodi na mishahara ya serikali atashangazwa kila tarehe 7 na kila wiki ya mwisho.

Halafu kuna mpaka wa mwaka ambao wachambuzi wengi wanauvuka bila kuuona. Juni 2020 kiwango cha chini ambacho benki zinatakiwa kuweka Benki Kuu kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6 ya amana. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuongoza sera ya fedha kwa riba badala ya ujazi wa fedha, ikianza na asilimia 5.5, ikafika 6 Aprili mwaka huo na kushuka hadi 5.75 Julai 2025, ikilenga riba ya soko la fedha baina ya benki isitoke nje ya pointi 2 za asilimia juu au chini ya riba hiyo. Tangu hapo ukwasi unaongezwa na kupunguzwa sokoni kwa lengo la kulinda riba hiyo. Uhusiano kati ya akiba na riba uliokuwepo 2019 si wa kutumia leo. Data za zamani zinakufundisha siku na saa za wateja, hazikufundishi bei ya ukwasi.

Na kuna Jumapili. Malipo ya papo kwa papo hayalali. Dirisha la kukopa kwa mwenzako lina saa za kazi. Ijumaa mchana unakisia mahitaji ya hadi Jumatatu asubuhi, na sikukuu ikiungana na wikiendi, hadi Jumanne. Wastani wa siku moja ukizidishwa kwa tatu haufai, kwa sababu Jumamosi usiku watu wanatoa pesa benki kwenda kwenye simu kwa matumizi ya starehe na familia, na mtiririko wa kurudi haupo hadi biashara zifungue. Kisia kipindi chote kama kitu kimoja, chukua shimo lake la ndani, na ongeza akiba kwa kuwa ukikosea hakuna wa kumpigia simu.

Dalili: siku ambayo mtandao ulisumbua inaonekana kuwa siku ya rekodi

Muamala umefeli, mteja anajaribu tena. Na tena. Mfumo unahesabu majaribio matatu, mahitaji yalikuwa moja. Siku nyingine kinyume chake: mfumo ulizima kabisa, data zinaonyesha watu wachache, na modeli inaamini kwamba Jumatano ile watu hawakuwa na shida ya pesa.

Tenganisha majaribio na yaliyofanikiwa. Majaribio yanayolingana mlipaji, mpokeaji na kiasi ndani ya dakika chache yahesabu kama hitaji moja. Saa za kuzima ziwekee alama na ujaze kwa makisio, usiache sifuri. Ila mtu wa seva asitupe yale majaribio ya kurudia: kwake ni mzigo halisi, na mfumo dhaifu unajiongezea mzigo pale pale unapozidiwa.

Dalili: makisio ya muda mrefu yamenakiliwa kutoka nchi nyingine

Nimeona mikunjo ya ukuaji wa malipo ya papo kwa papo ya India (UPI) na Brazil (Pix) ikibandikwa juu ya data zetu kama kigezo. UPI ilianza India mwaka 2016, na Novemba mwaka huohuo noti kubwa zikaondolewa kwenye mzunguko. Pix ilianza Brazil Novemba 2020, Benki Kuu yao ikalazimisha taasisi kubwa kujiunga, na watu binafsi wakatumiana bure. Sisi tulikuwa na pesa za simu kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya TIPS. Sehemu ya mlima wao tulishaupanda kwa njia nyingine. Tumia nchi hizo kuuliza maswali: nani alilazimishwa, nani alilipa gharama, noti zilikuwa na hali gani. Usichukue mteremko wao.

Dalili: aina moja ya malipo imegawanyika mbili usiku mmoja

Hapo ni muundo wa ujumbe uliobadilika. ISO 20022, muundo wa kimataifa wa ujumbe wa malipo, ina nafasi nyingi zaidi za kueleza malipo ni ya nini, kwa hiyo kilichokuwa "mengineyo" kinapata jina. Omba watu wa mifumo jedwali la kulinganisha alama za zamani na mpya kabla ya tarehe ya kuhama, na ukiweza, wiki chache ambazo miundo yote miwili inarekodiwa sambamba. Baada ya kuhama haipatikani tena.

Dalili: makosa ni madogo, hayana upande, na yanabadilika kila wiki

Iache modeli. Andika ukubwa wa makosa hayo, uyape kitengo cha hazina ili wapange akiba ya ukwasi kwa siku mbaya, na uyapime upya siku mshiriki mpya mkubwa anapojiunga na mfumo au jedwali la ada linapobadilika.